Mtoto wa miaka minne kaanza kudanganya, mama mkwe anataka pilipili, baba anataka fimbo. Nifanyeje?

MamaAshura_Ujiji:

Wakuu habari zenu, naomba msaada maana hapa nyumbani hatuelewani kabisa.

Nina watoto wawili, Ashura ana miaka saba na mdogo wake Juma katimiza minne mwezi wa tatu. Mimi nauza dagaa, kwa hiyo siku za giza sikai nyumbani, alfajiri niko Kibirizi mitumbwi inaingia, mara kuanika mara kugeuza mara kufunga, narudi hoi watoto wameshalala. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika ndo na mimi napata kukaa na wanangu nikawaona vizuri.

Sasa mbalamwezi hii naingia jikoni namkuta Juma kasimama kama askari, punje za sukari zimemganda kuanzia puani mpaka kidevuni, kijiko kakificha mgongoni ila mpini unachungulia. Nikamuuliza Juma umekula sukari? Akanitazama machoni bila hata kupepesa, akasema sijala, ni paka. Nikamwambia paka anakula sukari na kijiko? Akafikiria kidogo akasema, ni paka wa bibi.

Nilitaka kucheka ila bibi mwenyewe alikuwa mlangoni anasikia, na yeye wala hana paka. Kaanza pale pale, huyu anakuwa mwizi huyu, mwizi huanza na sukari, samaki mkunje angali mbichi, mtie pilipili ulimini mara moja tu hatarudia. Baba yake aliporudi akasema pilipili hapana, ila fimbo mbili tatu atapata. Nikamkatalia, tukanuniana mpaka kesho yake.

Na kilichonitia mashaka zaidi, wiki hiyo hiyo Ashura alimwaga dumu la mawese la lita tano lote, alikuwa anataka kunimiminia kwenye chupa ili nikitoka ufukweni nikute tayari. Baba yake akamchapa. Juma alikuwa pembeni anaangalia, usiku akaniambia mama, Ashura mbaya kuliko mimi, mimi sukari kidogo, yeye mawese mengiii.

Mtoto wa miaka minne anajua kweli anachosema au anaropoka tu? Na huu uongo unatoka wapi, mimi sijamfundisha. Waliolea nisaidieni.

kijana_wa_Gungu:

PAKA WA BIBI hahahahaa nimecheka mpaka kondakta kanigeukia. Dada huyo msomeshe sheria, ushahidi upo mdomoni na bado anakataa shtaka

MwlAwali_Kasulu:

Mama Ashura pole, ila kwanza nikutoe hofu. Nafundisha darasa la awali mwaka wa tisa huu, huyo mtoto hana tatizo, akili yake ndo inafunguka.

Ngoja nieleze maana watu wengi hili hatuambiwi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaamini kila anachokijua yeye na wewe unakijua. Wachunguze wakicheza kombolela, mdogo kabisa anafumba macho anaona amejificha, makalio yote yako nje. Kudanganya kunataka kitu kigumu zaidi ya hapo, lazima ajue kwamba mama hakuwepo, kwa hiyo kichwani kwa mama hamna hii habari, na mimi naweza kumwekea habari nyingine. Hiyo ni hatua kubwa sana kwa kichwa kidogo kama kile. Watafiti wawili, Wimmer na Perner, mwaka 1983 waliwapa watoto hadithi ya kijana aliyeweka chokoleti kwenye kabati akatoka kucheza, huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Watoto wakaulizwa, akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka mitatu wakasema ataitafuta pale ilipo sasa, wakati kijana wa watu hakuona ikihamishwa! Kuanzia minne kwenda mitano hivi ndo wanaanza kusema ataenda kwenye kabati la kwanza.

Kama una shaka fanya mwenyewe leo, haina gharama. Chukua kiberiti, toa njiti zote, weka maharage, funga. Muulize Juma ndani kuna nini, atasema njiti. Mfungulie aone maharage. Funga tena, muulize dada yako Ashura akija, hajafunguliwa, atasema ndani kuna nini? Alafu tafuta na mtoto wa jirani wa miaka mitatu umuulize hivyo hivyo. Urudi hapa utuambie.

La pili, na hapa usinichukie, wewe ndo ulimsukuma adanganye. Sukari unaiona usoni, kijiko unakiona, alafu unamuuliza umekula sukari? Hilo sio swali ni mtego, na mtoto akitegwa anajitetea kama mtu yeyote. Ungesema tu, naona umekula sukari, sukari ni ya chai na ukitaka unaomba, haya jifute na ufagie hizi punje kabla sisimizi hawajaja. Kwisha. Uongo wa umri huu wala hauna miguu, swali la pili tu ameshajifunga mwenyewe, si umeona paka kageuka kuwa wa bibi.

Pilipili usithubutu. Inaunguza, na akishtuka akavuta pumzi ikaingia njia ya hewa utakimbilia hospitali.

Mzee_wa_Reli:

Mimi nasoma hapa nashangaa. Mtoto anaiba, anasema uongo mbele ya bibi yake, mwalimu anatuambia ni akili inafunguka. Basi na majambazi wamefunguka sana.

Sisi tumelelewa hapa hapa Kigoma, baba akikohoa tu nyumba nzima kimya. Tulichapwa na baba, tulichapwa na jirani, ukifika nyumbani kusema jirani kanichapa unaongezewa. Na tumekuwa watu. Haya mambo ya Wazungu ya kumuuliza mtoto kiberiti kina nini ndiyo yanatuletea vijana wasiosalimia. Mama mkwe wako asikilizwe, ameona mengi.

kijana_wa_Gungu:

mzee shikamoo. ila ukweli wako wa moyoni, enzi hizo mlikua hamdanganyi? au mlikua hamkamatwi

Mzee_wa_Reli:

Marahaba. Tulikuwa hatukamatwi.

SomaNaBinti:

Mzee shikamoo, umejibu kwa uaminifu na umegusa pale pale nilipotaka kwenda.

Mimi nilisoma ualimu wa awali nikaendelea na saikolojia ya makuzi, sasa nalea mwenyewe hapa Mwanga. Kuna utafiti ulitoka 2011 wa Talwar na Lee, haukufanyika Ulaya, ulifanyika Afrika Magharibi, watoto wa miaka mitatu na minne wa shule mbili za nchi moja. Shule moja watoto wakikosea wanachapwa na kufinywa mbele ya wenzao, shule ya pili wanaonywa kwa maneno na kutolewa pembeni. Wakawachezesha mchezo, mtoto anageukia ukutani, nyuma yake kinawekwa kitu cha kuchezea kinachotoa sauti, abashiri ni nini. Alafu mtu mzima anasema natoka kidogo, usichungulie. Mtoto wa umri huo kutochungulia ni kazi, kwa hiyo shule zote mbili wengi walichungulia. Mkubwa akarudi akauliza umechungulia? Shule ya maneno waliodanganya ni zaidi kidogo ya nusu ya waliochungulia, shule ya fimbo karibu wote walidanganya! Na sio hivyo tu, walipoulizwa swali la pili, unadhani ni kitu gani, wale wa fimbo waliweza kujifanya hawajui na kutaja kingine, wa shule nyingine wakajisahau wakakitaja. Yani fimbo iliwapa mazoezi ya kudanganya vizuri. Ndo ile ya mzee, tulikuwa hatukamatwi.

Lakini mwalimu na wewe usimalize maneno yote, mzee ana pointi upande mwingine. Kuna ile testi maarufu ya pipi, alianza Walter Mischel kule Stanford Marekani, mtoto anawekewa kitu kitamu mbele anaambiwa ukingoja nikirudi utapata viwili, ukila sasa ndo basi. Baadaye wakaifanya kwa watoto wa miaka minne Kamerun, kabila la Wanso, wakulima, na watoto wa mjini Ujerumani. Kwa Wanso karibu 70 kwenye kila 100 walingoja mpaka mwisho, kwa Wajerumani hawakufika 30. Wenzao walijipindapinda kwenye viti, wakaimba, wakazunguka zunguka, wa Kinso walikaa wametulia na mmoja mmoja hata akasinzia. Na mama wa Kinso mtoto anamfundisha heshima na kutulia toka mdogo, hamuulizi ulizi unajisikiaje. Kwa hiyo malezi ya kwetu yana kitu chake, asituambie mtu kwamba kila cha nyumbani ni kibovu. Ninachokataa mimi ni kuchanganya ukali na kipigo, mtu anaweza kuwa mkali hata sauti hajapandisha, bibi yangu alikuwa anakutazama tu unaacha mwenyewe.

MamaAshura_Ujiji:

Nimerudi wakuu, nimefanya ya kiberiti.

Nilianza na mtoto wa jirani, mitatu na miezi kadhaa. Ndani kuna nini? Njiti. Nikafungua, maharage, akashangaa mpaka mdomo wazi. Nikafunga, nikamuuliza Ashura akija atasema kuna nini? Akajibu haraka, maharage! Nikasema labda hajanielewa nikarudia, maharage tena. Nikamuuliza na wewe kabla sijafungua ulisema kuna nini? Maharage! Yani sekunde chache zimepita kashasahau alisema njiti, kaapa kabisa.

Juma sasa. Hata sijamaliza swali kaanza kucheka peke yake, kaniambia kwa kunong'ona, Ashura atasema njiti mama, hajui, tusimwambie. Nilibaki nimekaa na kiberiti changu. Akakimbia kumwita Ashura ili aone akikosea.

Kwa hiyo mwalimu nimekuelewa. Ila bado sijajua, hata kama akili imefunguka, hicho cha kusema paka kakipata wapi?

Mwamgongo_Boy:

Dada samahani nakuuliza kama mdogo wako, usikasirike. Hujawahi kumtuma mlangoni akaseme mama hayupo?

Mimi kwetu Mwamgongo, mtumbwi ukitoka Kigoma unaipita Gombe ndo unatufikia, hadithi za sokwe tumekua nazo toka watafiti wa Jane Goodall, yeye alifika pale Julai 1960. Sasa kuna kitu kimoja walikiona baadaye kinanikaa kichwani. Sokwe anavua mchwa kwa ujiti, anauchomeka kwenye kichuguu anasubiri wang'ate anauvuta taratibu anakula. Mama hamshiki mtoto mkono kumfundisha hata siku moja, mtoto anakaa pale anatazama tu. Watoto wa kike wanakaa wametulia wanaangalia mama anavyofanya, wa kiume wao wanarukaruka na kubingirika pembeni, basi wa kike wanajua kuvua mapema, kama miaka miwili kabla ya kaka zao. Hamna fimbo pale wala somo, ni macho tu.

Ndo nikasema kama sokwe anabeba kila kitu kwa kuangalia, huyu Juma je

kijana_wa_Gungu:

aisee mwamgongo umemfananisha mtoto wa watu na sokwe kwa heshima zote

Mwamgongo_Boy:

kaka mimi mwenyewe ni wa kurukaruka, kushona nyavu nimejua na miaka kumi na nane

MamaAshura_Ujiji:

Nimekaa na hili swali tangu jana.

Ni kweli. Kuna dada wa kikoba anapita Ijumaa, mwezi wa pili biashara ilikuwa mbaya, mvua ilininyeshea dagaa kwenye kichanja wakaoza nusu, marejesho sikuwa nayo. Nikajifungia ndani nikamwambia Juma nenda kamwambie mama kaenda sokoni. Akaenda akasema vizuri kabisa, tena akaongeza la kwake, kaenda na mkoba. Nikamsifia! Nikampa na andazi.

Andazi la uongo nimempa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Alafu ya sukari naitisha kikao cha ukoo.

SomaNaBinti:

Dada usijihukumu sana, hapa hamna ambaye hajawahi kuwa hayupo huku yupo.

MwlAwali_Kasulu:

Umesema kweli mama, na wengi hawawezi.

Sasa turudi kwa Ashura, maana huyo ndo ananiuma kuliko Juma na naona uzi mzima tumemruka. Mtoto wa miaka saba kamwaga mawese akiwa anakusaidia. Mtoto kupenda kusaidia hafundishwi. Watafiti wawili, Warneken na Tomasello, waliandika 2006 kwamba mtoto wa miezi 18 tu, mtu asiyemfahamu akidondosha kibanio cha nguo asikifikie, anajiinukia anamwokotea bila kuombwa wala kuahidiwa kitu. Kinachobaki ni sisi tunaifanya nini hiyo hamu.

Na yale maneno ya Juma, kwamba Ashura mbaya zaidi kwa sababu mawese ni mengi, hayo ndo aliyoyachunguza yule Mswisi Jean Piaget, mtaalamu wa akili za watoto, kwenye kitabu chake cha 1932. Aliwasimulia watoto, kuna mmoja ameitwa kula, akasukuma mlango, hakujua nyuma yake kuna trei ya vikombe, vikombe 15 vikavunjika. Mwingine mama yake hayupo kapanda juu ya kiti kudokoa jamu kabatini, kaangusha kikombe kimoja. Nani mbaya zaidi? Wadogo walisema wa vikombe 15, wanahesabu hasara. Wakubwa kidogo ndo wanauliza alikuwa na nia gani. Ingawa waliokuja baadaye walimkosoa, walipofupisha hadithi na kuweka picha hata wa miaka mitatu wakaonyesha wanaiona nia, kwa hiyo sio kwamba hawana kabisa, ila hasara kubwa inawaziba macho. Na inatuziba na sisi watu wazima. Baba alipomchapa Ashura alikuwa anachapa nini, alichapa nia au alichapa lita tano?

Wasimulie wote wawili hiyo hadithi, badilisha iwe ya nyumbani kwenu.

Mzee_wa_Reli:

Mwalimu, hilo la mwisho nimelisoma mara mbili. Mimi niliwahi kumchapa kijana wangu kwa sababu ya redio. Alikuwa anaifuta vumbi.

MamaAshura_Ujiji:

Wakuu naandika mara ya mwisho, giza linaanza kesho nitapotea.

Kwanza, Ijumaa dada wa kikoba alikuja, nikatoka mwenyewe nikamwambia sina yote nina nusu, akanung'unika akachukua akaondoka. Juma alikuwa ameshasimama tayari kwenda mlangoni kufanya kazi yake. Aliponiona natoka akaniuliza, mama leo upo?

Pili, sukari. Juzi kala tena, sijamuuliza chochote, nikamwambia naona sukari kwenye shati, leta ufagio. Akaleta akafagia, yani anasambaza tu, alafu katikati ya kufagia akasema mwenyewe, mama nimekula mimi. Kidogo. Nikasema asante kwa kuniambia, ila kesho chai yako haina sukari maana yako umeshaila. Alilia sana kwa hilo la chai kuliko ambavyo angelilia fimbo, na asubuhi kweli nikampa chai bila sukari, mama mkwe akasema eeh sasa hapo nimekuelewa.

Tatu, hadithi. Nimewasimulia asubuhi hiyo hiyo wakati wa chai. Nikasema kuna mtoto alikuwa anamsaidia mama yake kubeba sahani kupeleka kisimani, akateleza, sahani kumi zikavunjika. Mwingine alikuwa anadokoa nyama kabatini, akavunja sahani moja. Nani kakosa zaidi? Juma akasema wa sahani kumi, tena akaonyesha vidole vyote. Ashura akasema hapana, ni huyu wa moja, huyu alikuwa anaiba, yule alikuwa anasaidia. Nikafurahi nikasema umejibu vizuri mwanangu.

Akanyamaza anazungusha kikombe chake. Alafu akasema, lakini baba angempiga wa kumi.

Baba yao alikuwa pale pale kwenye mkeka anakunywa chai. Hakusema kitu, aliweka kikombe chini akatoka nje akaenda kuchezea mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na shida yoyote. Jioni karudi na dumu la mawese la lita tano, kamwita Ashura, kampa alibebe yeye mpaka ndani aje amimine kwenye chupa, na faneli kanunua. Mimi nimesimama mlangoni moyo unanienda mbio. Kamwaga kidogo tu kwenye sakafu, akamwangalia baba yake, baba yake akampa kitambaa.